Nyika ya Taru uani kwangu Tucson, Arizona: uzi wa reli ya bustani, mwaka wa tatu

#1 MtotoWaLandi

Salaam wanajamvi. Nimekuwa msomaji tu humu kwa miaka, leo nafungua uzi wangu wa kwanza. Utakuwa mrefu, mwenye chai ajimiminie kabisa.

Nimezaliwa Voi, Kenya, ukivuka nyika kavu ya Taru kutoka Mombasa, kwenye landi za reli, yaani nyumba za wafanyakazi. Baba alikuwa fayamani, msaidizi wa dereva, kwenye vile vichwa vya treni vya mvuke aina ya Garratt, daraja la 59, vilivyopakwa rangi ya damu ya mzee. Aliyekiona 5918, Mount Gelai, pale makumbusho ya reli Nairobi anajua nasema nini. Tani 252, boila katikati, tangi mbele, tangi nyuma, seti mbili za magurudumu kama vichwa viwili vilivyopeana migongo. Vilitengenezwa 34 kule Manchester na Beyer Peacock, 1955 na 1956, kila kimoja kikabatizwa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Usiku tukiwa tumelala, kabla ya kusikia filimbi, kikombe kilikuwa kinatetemeka kwenye kisahani. Mama alikuwa anajua kwa huo mtetemo kama baba anarudi au ni garimoshi jingine.

Mimi sasa ni fundi wa viyoyozi, Tucson, mwaka wa 19 huu. Huku ni jangwa la Sonora. Kila mwezi Machi chama cha hapa, Tucson Garden Railway Society, huandaa ziara: watu hufungua nyua zao, wewe unaingia kuangalia magarimoshi yao madogo yakipita kati ya mawe na mimea. Rafiki wa kazini alinichukua. Wengi walikuwa wamejenga historia ya kwao, migodi ya zamani na Southern Pacific iliyofika Tucson mwaka 1880. Nikasimama mbele ya kilima kimoja cha changarawe chenye reli inayokizunguka na kijiti kimoja kikavu. Koo likanikaba, maana kile kilima kilikuwa Maungu kabisa, ile ya kabla ya kufika Voi.

Sasa hesabu, kwa wasioijua fani hii. Reli hizi zimeachana milimita 45. Kampuni ya Kijerumani ya Lehmann ilianza kuziuza 1968 kwa jina la LGB, zikiwa zimeundwa kukaa nje, jua na mvua. Kipimo chao ni moja kwa 22.5. Zidisha 45 kwa 22.5, unapata milimita 1,012, yaani mita moja. Na reli yetu ya zamani, ile iliyoanzwa Mombasa 1896, upana wake ni mita moja! Wamarekani wanaojenga reli yao pana kwa vipimo hivi inabidi wacheze na hesabu kidogo. Sisi hatuhitaji kupunguza wala kuongeza kitu. Nilipogundua hilo sikulala.

Ua wangu una mita 18 kwa 11. Njia kuu nimeitandika mita 62, ambayo kwa kipimo hicho ni kama kilomita 1.4 ya kweli. Kutoka Mombasa hadi Voi kwa kipimo hichohicho ningehitaji kilomita 7 za ua. Kwa hiyo nimechagua vipande: Taru, Mackinnon Road na msikiti wake kando ya reli, Maungu, kisha Voi na mlima Sagalla ukiwa nyuma. Sagalla ni jiwe moja la kilo 400 lililoletwa na kreni ndogo.

Kuchimba kulinila miezi mitatu. Chini ya udongo wa huku kuna tabaka la chokaa lililogandamana, wanaliita kalichi, sururu inaruka kama umepiga sakafu. Nilikodi mashine ya kuvunjia zege. Tuta nimelijenga kwa changarawe iliyoshindiliwa, juu yake kokoto za punje za milimita 3 hivi. Zingatieni hapo: zisiwe za mtoni. Kokoto ya mtoni ni ya duara, inabingirika, taruma, kile kipande cha chini kinachobeba reli, linahama. Ya kusagwa ina kona, zinang'ang'aniana. Kokoto ya reli ya kweli ukiigawa kwa 22.5 unapata kama hiyohiyo, kwa hiyo hata macho yanaridhika.

Mwinuko sijauruhusu kuzidi sentimita 2 kwa kila mita, na kona zote nusu kipenyo ni mita 3, kwa sababu nilijua mwishoni nataka 59 ipite, na 59 kwa kipimo hiki ina urefu wa mita 1.4.

Picha nitaziweka kidogo kidogo. Karibuni.

#2 Kokoto za Mazeras

Kaka umenigusa. Mimi nyumbani kwetu reli ilikuwa inapita nyuma ya choo. Kichwa chenyewe umenunua wapi? Na unatia makaa?

#3 MtotoWaLandi

@Kokoto za Mazeras hakuna wa kuninunulia dukani, nimekiunda. Nimenunua chasisi mbili zenye injini zake, za mitumba, kutoka kwa familia ya mzee aliyefariki, nikakata mwili kwa plastiki ya bapa, bati laini na mabomba ya fundi bomba. Miezi kumi na nne, Jumapili kwa Jumapili. Taa ya mbele pekee nimeirudia mara tano.

Makaa hapana, hata 59 za kweli zilikuwa za mafuta mazito. Baba alituambia walikuwa wakirusha mchanga tanuruni kwa kikopo kusugua masizi kwenye mirija ya boila, unatoka moshi mweusi kama usiku. Akirudi nyumbani mchanga ulikuwa masikioni.

#4 Fundi Msamvu

Heshima kwako mkuu. Swali la kiufundi. Umeme unapitisha kwenye reli au vipi? Maana nje kuna vumbi, kuna kutu, na umesema jangwa. Na joto je? Chuma kinatanuka.

#5 MtotoWaLandi

Swali zuri fundi, na hapa ndipo pesa yangu ya mwanzo ilipotea.

Nilianza kwa kupitisha umeme kwenye reli kama maelekezo yanavyosema. Reli ni za shaba ya manjano. Huku kila alasiri kuna vumbi jembamba kama unga wa sembe, linakaa juu ya reli, gurudumu likipita linaligandamiza linakuwa rangi. Kila nikitaka kuendesha, nusu saa nasugua reli. Nikaachana nalo. Sasa kila kichwa kina betri ya lithiamu ndani, volti 14.8, na naendesha kwa rimoti. Reli inabaki kuwa njia ya kupita tu. Angalizo moja: betri hizo usiziache ndani ya kichwa kikiwa juani. Mimi nazitoa kila nikimaliza, zinalala ndani ya nyumba.

Kuhusu joto. Kiangazi hewa inapita digrii 40 kwa wiki nzima, na reli yenyewe juani huwezi kuigusa. Usiku wa Januari inakaribia kuganda. Chukua tofauti ya digrii 60. Mita 10 za shaba hiyo zinarefuka zaidi ya milimita 11. Mwaka wa kwanza niliziunganisha bila nafasi, nikazikaza na skrubu. Mwezi wa sita mchana nikaona kipande cha Mackinnon Road kimejikunja ubavuni kama nyoka, mataruma yameng'oka. Sasa kwenye kila mita moja na nusu naacha nafasi, na ukubwa wa nafasi unategemea unatandika saa ngapi. Ukitandika alfajiri ya baridi, acha karibu milimita 2. Ukitandika adhuhuri ya Julai, karibu zigusane, kwa sababu hapo zimeshatanuka. Na usizikaze chini. Reli ielee juu ya kokoto, iwe na uhuru wa kwenda na kurudi.

#6 Kijana wa Ujiji

Samahani kaka, sina nia mbaya, lakini hela hizi ungejenga nyumba nyumbani. Mtu mzima na treni za kuchezea?

#7 MtotoWaLandi

Ndugu yangu, umeuliza kwa heshima nami nakujibu hivyohivyo. Nyumba ya mama ipo Voi, imeezekwa, ina maji. Vitu vingi hapa ni mitumba na mawe ya bure. Lakini hata kama ingekuwa ghali, ningejenga. Baba nilimzika 2014. Alifanya kazi miaka 27 kwenye kipande kile cha reli na hakuna picha hata moja inayomwonyesha kazini. Binti yangu amezaliwa huku, ana miaka 11, na sasa anajua Maungu inatangulia Voi ukitoka Mombasa, na anajua kwa nini kuna tangi la maji pale. Hilo nisingelipata kwa kumsimulia mezani.

#8 BiNyika

Hongera sana kaka MtotoWaLandi, hasa hilo jiwe la Sagalla, mgongo wake umeupatia. Ila mimi kazi yangu ni mimea, nimesoma picha zako na naomba nikukosoe.

Picha ya tatu, upande wa Taru, naona dungusi za mapipa na ule mrefu wenye mikono. Kaka, hiyo si Taru, hiyo ni Arizona. Dungusi kama hizo ukiziona Kenya zimeletwa kutoka Amerika. Tulizonazo sisi za asili zinazofanana nazo ni Euphorbia, ndugu za minyaa, zenye utomvu mweupe. Halafu umeacha ardhi tupu sana. Watu wakisikia jangwa wanadhani ni utupu. Nyika ya Taru ni msitu, msitu wa vichaka usio na majani miezi mingi ya mwaka. Kutoka dirishani mwa treni ulikuwa unaona kijivu mpaka upeo wa macho, matawi juu ya matawi, na chini yake udongo mwekundu. Wewe umeweka udongo wa kahawia.

Na umesahau ngurunga! Misafara ya zamani kutoka pwani, kabla ya reli, ilikuwa inakufa kiu pale isipozikuta ngurunga za Taru zina maji, yale mashimo ya mwambani yanayohifadhi mvua. Jina la Taru wasafiri walilijua kwa maji hayo.

#9 MtotoWaLandi

Dada BiNyika, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Nimetoka nje nikaangalia, uko sahihi kila mstari. Niko kimya kwa muda kidogo, nina kazi.

#10 MtotoWaLandi

Nimerudi. Miezi mitano. Haya ndiyo niliyoyafanya baada ya kukosolewa na dada BiNyika, na nashukuru.

Dungusi zote nimezihamishia mbele ya nyumba. Mbuyu nimeupata kwa waridi la jangwani, Adenium. Wa pwani mnaujua, shina limevimba chini kama mtungi, matawi mafupi. Ukiupunguza matawi na kuuinua mizizi kila mwaka, mmea wa sentimita 40 unakuwa, kwa kipimo chetu, mbuyu wa mita 9 ambao huwezi kuukataa. Ninayo saba. Vaeni glavu mkiukata: utomvu wake ni sumu, watu waliutumia kupaka mishale. Na hauvumilii baridi, kwa hiyo kila mmoja umo ndani ya chungu kilichozikwa, Novemba nachomoa vyungu naingiza ndani, mibuyu yote saba inakaa sebuleni mpaka Machi.

Vile vichaka vya kijivu ndivyo vilinipa furaha kubwa kuliko yote. BiNyika alinitumia ujumbe pembeni kwamba nyika ya Taru imejaa Commiphora, ukoo wa manemane. Nikatafuta, nikakuta kwenye milima ya jangwa la huku kuna mti unaitwa Bursera microphylla, wa familia moja kabisa na manemane na ubani. Nikaenda kwenye kitalu cha mimea ya asili, nikanunua miche 12. Nimevunja jani moja, kidole kimenukia ubani. Nimesimama pale kitaluni nikanusa mkono wangu kama mwenda wazimu. Ukiupogoa unatoa shina nene, gome linabanduka kama karatasi, matawi yamejikunja, mti mzima sentimita 20. Nimeipanda kwa msongamano mpaka reli inapotea ndani yake kwa mita mbili.

Migunga ni miche ya mgunga wa huku wenye miiba myeupe, nakata kilele kila mwezi ili ifunguke bapa juu.

Mkonge! Pale upande wa Voi nilitaka shamba la mkonge kama yale ya njia ya Mwatate. Nikakumbuka mkonge wenyewe ulitoka Mexico, ukafika Tanganyika 1893. Huku niliko ni mlango wa pili kutoka kwao. Machipukizi ya agave, ndugu wa mkonge, yanaota uani bure. Ya sentimita 8 ndiyo kipimo, yakikua nayang'oa napanda mengine. Mistari kumi na minne, nimeipima kwa kamba.

Udongo mwekundu: nimesaga matofali ya kuchoma yaliyovunjika, nikapepeta kwa chujio la chai, nikachanganya na rangi nyekundu ya saruji na changarawe laini ya hapa. Majaribio yalikuwa mengi. Rangi peke yake inang'aa kama gari jipya, haifai. Vumbi la tofali ndilo linaloififisha. Tembo wangu sita, wa plastiki, kila mmoja sentimita 14 mabegani, nimewapiga vumbi hilohilo kwa brashi wakiwa bado na gundi mbichi.

#11 BiNyika

Kaka, hiyo picha ya vichaka vya kijivu na reli ikizama ndani. Nimeionyesha kwa mama yangu bila kumwambia chochote. Amesema, "Hapo ni karibu na Samburu, tunaelekea Mackinnon." Sina la kuongeza.

Bali ngurunga bado sijaiona.

#12 Wadi Adai

Assalaam aleikum jamaa zangu. Mie niko Maskati, mzaliwa wa Unguja, nimeuona uzi huu leo nimeusoma wote mpaka nimechelewa sala. Ua ninao, jua ninalo, joto na unyevu wa bahari juu yake. Nataka kuanza. Swali langu ni mvua. Huku hainyeshi, hainyeshi, kisha siku moja wadi, lile korongo kavu la maji ya mvua, inashuka na kuchukua magari. Kwako huko je?

#13 MtotoWaLandi

Waaleikum salaam ndugu. Umeuliza siku mbaya, au siku nzuri.

Tucson inapata chini ya milimita 300 za mvua kwa mwaka, na karibu nusu yake inadondoka kati ya Julai na Septemba, kwa vishindo. Jumamosi iliyopita saa kumi jioni wingu lilisimama juu ya milima ya Catalina, rangi ya sufuria. Ukaja ule upepo wenye harufu ya kichaka cha huku kinachonuka mvua kabla mvua haijafika. Nikakimbia kutoa vichwa na betri. Dakika arobaini. Maji yalitoka paa la jirani, yakapita chini ya ukuta, yakaingia uani kama mtu anayejua njia.

Nimepoteza mita mbili na nusu za tuta kati ya Maungu na Voi. Reli ilibaki inaning'inia hewani na mataruma yake kama ngazi ya kamba. Kalavati nilizokuwa nimeweka, bomba za inchi mbili, ziliziba kwa majani ndani ya dakika tano. Mbuyu mmoja tumeukuta kwenye mlango wa gereji. Shamba la mkonge limezikwa lote. Binti yangu amelia.

Naumwa mgongo na roho. Picha hizo hapo.

#14 Wadi Adai

Pole sana ndugu yangu. Lakini hebu itazame tena picha ya nne, usiitazame kwa uchungu. Mie nimekulia kandokando ya wadi tangu nije huku. Ulichokipata hapo ndicho wadi yenyewe ilivyo. Angalia pale maji yalipotokea kwenye mwinuko: mawe makubwa yamebaki juu, mlangoni. Mbele yake changarawe. Mbele zaidi mchanga, umetandazika kama upepeo wa ukindu. Na mwisho kabisa lile tope jembamba, likikauka kesho litapasuka vigae. Hakuna fundi anayeweza kuyapanga mawe hivyo kwa mkono. Ungekuwa ua wangu, nisingefagia.

Halafu hiyo njia maji yaliyoichagua, usishindane nayo. Sie huku tukijenga barabara pahala wadi ilipokuwa, wadi inarudi tu kudai chake.

#15 MtotoWaLandi

Ndugu Wadi Adai, nilikuwa nimeshika reki mkononi nilipousoma ujumbe wako. Nimeiweka chini.

Nimekaa chini, usawa wa reli, nikaangalia kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimejenga jangwa kama mtu anavyomwaga mchanga kwenye sinia. Vilima vyangu vilikuwa laini, vya mviringo, vimepangwa. Ndiyo maana kuna kitu kilikuwa kinanikera tangu mwaka wa kwanza nami nikidhani ni rangi. Jangwa linachongwa na maji. Mvua ni chache, lakini hakuna majani mengi ya kuishika, kwa hiyo kila tone linalopita linaacha alama, na alama inakaa mwaka mzima bila kufutwa. Kila korongo ni maji yaliyopita.

Na reli nayo ni hadithi ya maji, babu zetu walilijua hilo. Reli ilipoingia Taru kutoka Mombasa, wajenzi walikuwa wanaletewa maji na garimoshi kutoka nyuma, kila siku, kwa sababu mbele hakukuwa na tone.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Korongo linabaki palepale maji yalipolichonga, jiwe kwa jiwe. Badala ya kalavati, naweka daraja, nafasi ya sentimita 70, nguzo za saruji zimesimama kwenye kalichi yenyewe. Maji yana ruhusa ya kupita. Pembeni mwa tuta, upande yanakotokea, nimepanga mawe bapa yaliyolaliana kama magamba ya samaki. Na vilima vyangu vyote vya zamani nimeviachia bomba la maji kwa juu, taratibu, saa moja kila jioni kwa wiki mbili, vijichonge vyenyewe. Ninyi hamjaona kitu! Vifereji vimejitengeneza vya unene wa penseli, vinaungana viwili viwili mpaka kimoja kikubwa, kama mishipa ya nyuma ya mkono wa mzee.

Mvua mbili zimeshapita tangu hapo. Daraja limesimama, mchanga umepita chini yake.

#16 Fundi Msamvu

Mkuu hii ndiyo ufundi. Huo mpango wa mawe kama magamba naenda kuutumia kwenye kingo za mfereji wangu wa kweli.

#17 Mstaafu 59

Vijana, hamjambo. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, mimi nasema yeye anapiga chapa. Nilikuwa fayamani, kisha dereva, Mombasa hadi Nairobi.

Huyu mtoto wa landi amefanya kazi kubwa. Nimeangalia kichwa chake kwa miwani. Nina neno moja tu, kuhusu tangi la maji pale Voi. Amelijenga vizuri, lakini bomba la kujazia ameliweka moja, na amekisimamisha kichwa katikati yake. Hapo hakijazi kitu. Garratt inakunywa mara mbili. Maji yako mbele na yako nyuma. Bomba likiwa moja, dereva anasimamisha tangi la mbele chini ya bomba, fayamani anapanda juu, anavuta mkono wa bomba, anajaza, anafunga kifuniko. Kisha kichwa kinasogea mbele taratibu mpaka tangi la nyuma lifike, anapanda tena. Mchana wa Machi bati la juu la tangi lilikuwa linachoma nyayo kupitia viatu. Tulikuwa tunamwaga maji kwanza pale pa kukanyaga ndipo tunapanda.

#18 MtotoWaLandi

Shikamoo mzee wangu.

Nimesoma na nimetoka nje kwa muda. Baba hakuwahi kutuambia hilo la kumwaga maji pa kukanyaga. Lakini viatu vyake navikumbuka, soli zilikuwa zimeng'aa na kulainika kama zimepigwa pasi, na mama alikuwa akisema viatu vya huyu mtu haviishi miezi sita. Leo ndiyo nimejua.

Nimelisogeza tangi. Sasa kichwa kinasimama mara mbili, mbele, halafu nyuma, na kila kisimamo nimekipa muda. Nimechonga pia mtu mdogo, urefu sentimita 7 na nusu, amesimama juu ya tangi la mbele, mkono mmoja umeshika bomba. Chini ya miguu yake nimepaka vanishi inayong'aa, doa dogo tu, ionekane bati limelowa.

#19 Mstaafu 59

Marahaba mwanangu. Hapo sawa. Bomba lielekee kwake zaidi, analivuta yeye, halimfuati.

#20 MtotoWaLandi

Nimeligeuza mzee. Picha hiyo.

Dada BiNyika, na ngurunga ipo sasa. Nilipata jiwe la bapa lenye mabonde matatu, nimelizika upande wa Taru pembeni ya vichaka vya Bursera, mita moja kutoka relini. Sijaliwekea bomba. Linajaa mvua ikinyesha, linakauka isiponyesha. Wiki hii lina maji kiasi cha vikombe viwili. Kila alfajiri naendesha saa kumi na moja kabla jua halijawa kali, na leo nimekuta mjusi amelala kwenye reli ya Taru akisubiri joto, na kindege kimoja kinakunywa pale kwenye ngurunga. Treni ilipokaribia kindege hakikuruka. Kilisubiri mabehewa yote tisa yapite, kisha kikaendelea kunywa.

Kuna jambo moja la usumbufu la kuwaambia mnaotaka kuanza. Huku kuna panya wa jangwani anayekusanya vitu na kuvipeleka kiotani. Ameniibia watu wanne wa stesheni na taa mbili. Nimekikuta kiota chake nyuma ya tangi la gesi, watu wangu wote wanne wamo pamoja na vipande vya dungusi. Sasa watu nawabandika kwa pini ya chuma inayoingia kwenye saruji.

#21 BiNyika

Ngurunga nimeiona. Imekaa sawa kabisa, hata ule ukingo mweupe wa chumvi maji yalipokauka. Usiusafishe.

#22 Wadi Adai

Nami niwape habari. Nimetandika mita nne za mwanzo leo baada ya alfajiri, hewa digrii 24. Nimeacha nafasi ya milimita moja kila mita moja na nusu, kama tulivyohesabu pamoja pembeni. Kwanza kabisa nilisubiri mvua ya mwezi uliopita ionyeshe inapita wapi uani, nikapigilia vigingi njia yake yote. Reli yangu inaizunguka, isipokuwa pahala pamoja, na hapo nimeshaanza kumwaga nguzo za daraja. Picha kesho inshallah, saruji ikikauka.